Moshi wa Saa Tano na Dakika Arobaini

Baba yangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya picha niliyompelekea mimi. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nimekaa kujitetea. Wa kulaumiwa wapo wengi, na nitawafikia mmoja mmoja, maana hasira yangu haijapoa na sina haja ya kuipoza. Lakini wa kwanza kwenye orodha ni mimi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi katika kituo kidogo cha kupokea picha za setilaiti, nje kidogo ya mji wa Ruiru. Dishi lilikuwa juu ya paa, mashine zilikuwa kwenye chumba kimoja chenye baridi ya makusudi, nasi mafundi tulivaa sweta hata Februari. Setilaiti ilipita mchana, ikatupa kama dakika kumi na mbili, na picha ikajichora kwenye skrini mstari baada ya mstari: kwanza Tanzania, halafu sisi, mwisho Ethiopia. Kazi yetu ilikuwa kufuata moshi wa mioto ya nyika na vumbi linalopeperushwa na upepo. Moshi una tabia nzuri. Ni mchirizi wa kijivu wenye mkia, na ukipata mahali mkia unapoanzia, umeupata moto. Vumbi ni sumbufu, kwa sababu hutanda tu na halina mwanzo wa kushika.

Tulifuata vumbi la Turkana na la Chalbi, na siku nyingine vumbi la Sudan lililovuka mpaka bila pasipoti. Wageni wa mradi uliofadhili kituo walikuja kwa ndege kulitazama. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Witeithie, karibu na machimbo ya mawe, na huko vumbi lilikuwa kwenye sufuria, kwenye mto wa kulalia, na kwenye kifua cha mtoto wa jirani aliyekohoa nyuma ya ukuta wangu mwaka mzima. Hilo halikuonekana kwenye skrini. Doti moja ya picha zetu ilikuwa kilomita nzima ya ardhi, na machimbo yetu hayakutimiza kilomita. Siku moja kwenye mkutano nikauliza kama kuna njia ya kulipima. Mkubwa wangu akacheka. "Madam, hiyo ni dust ya kufagia," akasema, na wenzangu wakacheka naye. Mimi sikucheka, na hadi leo sijakiona kichekesho.

Jambo jingine la kituo lazima nilieleze hapa, kwa sababu ndilo lililotuangamiza. Ukutani palikuwa na saa moja tu, na ilikuwa nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Setilaiti huzunguka dunia nzima, kwa hiyo watu wa kazi hii popote walipo huandika wakati mmoja, ule wa Greenwich. Tulipokwenda kula chakula cha mchana saa saba, kwenye daftari tuliandika 10:00. Mwaka wa kwanza nilihesabu kwa vidole. Mwaka wa tatu sikuhesabu tena, mkono uliandika wenyewe. Nikiwa ndani ya kile chumba, saa za Kenya zilikuwa za kujua tu kama nitapata gari la kurudi nyumbani.

Baba alikuwa mlinzi wa msitu wa mikaratusi katika shamba kubwa la kahawa upande wa mashariki wa Ruiru, kule mashamba yanakoishia na tambarare ya Kilimambogo inakoanza. Kuni za kukaushia kahawa zilitoka kwenye msitu ule, na yeye aliulinda kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa Mwislamu wa Majengo ya Thika, wa kabila ambalo hata yeye alilitaja kwa kubahatisha, kwa kuwa babu yake alifika na wapagazi na hakuna aliyeandika alikotoka. Tangu mama afariki alikaa peke yake kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko la nje. Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikienda, chumba kinakwenda.

Kila Ijumaa alikuwa na ruhusa. Alitoka saa sita kamili, akatembea hadi msikitini Ruiru, akarudi saa nane. Ruhusa hiyo alipewa na meneja wa zamani, kwa mdomo, nao wakapeana mkono. Meneja mpya aliikuta akainyamazia. Alikuwa anaiweka akiba, kama tulivyokuja kujua.

Ijumaa ya moto ilikuwa Februari, kiangazi kikavu ambacho hata majani ya kahawa yalijikunja. Baba alirudi kutoka msikitini saa nane, na kabla hajaweka kofia yake chini akaona moshi upande wa kaskazini mashariki, ndani ya ranchi ya jirani. Palikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwenye mti kwa ajili ya siku kama hiyo. Alikipiga hadi mkono ukafa ganzi. Wachumaji walikuwa upande wa pili wa shamba, na trekta la tangi la maji lilikuwa limetolewa gurudumu moja. Upepo wa kaskazi ulikuwa unasukuma. Njia ya moto, ile ardhi inayolimwa wazi ili moto usiruke, ilikuwa imemea nyasi za kufika kiunoni, kwa sababu meneja alikataa kutoa watu wa kuilima msimu ule. Saa kumi msitu wote ulikuwa unawaka. Baba aliungua nyusi na mkono wa kushoto akipiga moto kwa matawi.

Kesho yake meneja alitembea kwenye majivu, akaona mafiga matatu ya baba ya kuchemshia chai, akasema amemaliza uchunguzi. Moto ulianzia kwenye mafiga, mlinzi akiwa msikitini. Kikao cha nidhamu kikapangwa Alhamisi inayofuata.

Hapo ndipo nilipojiona mimi ni mtu. Sikuwa na cheo wala mjomba serikalini, lakini nilikuwa na setilaiti. Jumatatu nikachukua utepe wa Ijumaa, nikauweka kwenye mashine, nikakuza pembe yetu ya nchi. Moshi ulikuwepo. Mchirizi mrefu wa kijivu ulielekea kusini magharibi, na mkia wake ulianzia ndani ya ranchi, doti tatu kamili kabla ya msitu wetu. Penye mafiga ya baba palikuwa shwari. Nilipiga kelele peke yangu kwenye kile chumba cha baridi.

Nikaitoa picha kwenye karatasi. Mkubwa alikuwa amekataza picha kutoka nje bila kibali chake, na pembeni mwa kila karatasi mashine iliandika jina la kituo, tarehe, na wakati pamoja na herufi tatu, GMT. Nikaogopa. Nikachukua mkasi nikaukata ule ukingo wote, nikautupa. Halafu, kwa kuwa picha isiyo na wakati haina maana, nikachukua kalamu nikaandika chini yake kwa herufi nzuri: Ijumaa, 11:40. Niliandika vile ambavyo saa yetu ya ukutani ingesema. Kwa saa ya Kenya ilikuwa saa nane na dakika arobaini, baba akiwa amesharudi na reli inalia. Mkono uliandika wenyewe.

Nikampelekea jioni hiyohiyo. Aliishika kwa vidole vya pembeni, asiichafue.

"Hapa ni sisi?"

"Ndiyo, baba. Na huu ni moshi. Unaona unakoanzia? Kwa jirani."

Akaisogeza kwenye mwanga. "Na Mungu anatupiga picha hivi kila siku?"

"Si Mungu, baba. Ni Wazungu."

"Afadhali," akasema. Tulicheka hadi akashika ule mkono ulioungua. Aliniambia kwamba karo yote ya chuo aliyonilipia imerudi siku hiyo. Saa hatukuizungumzia hata kidogo. Mimi niliona haina la kueleza, na yeye hakuangalia maandishi.

Alhamisi nilikuwa kazini. Jumamosi nikaenda laini nikiwa nimebeba nyama nusu kilo ya kusherehekea, nikamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Picha yako waliipenda sana, mama," akaniambia. Baba aliniita mama kila alipotaka nisilie. "Ilipita mkono hadi mkono."

"Sasa mbona unafunga godoro?"

Akanipa barua. Alikuwa ameipokea Ijumaa, na amepewa siku saba kuondoka. Barua haikutaja mafiga tena. Ilisema kwamba, kwa ushahidi wa picha iliyoletwa na mlinzi mwenyewe, moshi ulionekana wazi saa tano na dakika arobaini asubuhi, mlinzi akiwa lindoni, naye hakutoa taarifa kwa mtu yeyote, bali aliacha lindo saa sita kwenda msikitini. Ranchi ya jirani haikutajwa hata mara moja. Mwenye ranchi na meneja walikunywa klabu moja kila Jumapili, na mkia wa moshi ulipofika kwenye meza ile ulikatwa kwa ustadi kuliko nilivyokata ukingo wangu.

Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta uongo wao, mara ya pili nikaona kosa langu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Nilikaa chini sakafuni, nyama ikiwa bado mkononi.

"Baba, ile saa si ya hapa," nikamwambia. "Ni saa ya Ulaya. Nilikosea mimi."

Akaendelea kufunga. "Usijitwishe, mama. Yamekwisha."

Jumatatu nilikwenda kwa meneja. Aliniacha nimesimama kwanza, karani wake akinywa chai mbele yangu, kisha akanipokea kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kushinda. Nikamweleza yote, kituo, Greenwich, saa tatu za kuongeza. Nikamchorea kwenye karatasi.

"Aii, madam," akasema. "Wiki jana ilikuwa saa tano. Leo imekuwa saa nane. Wiki ijayo itakuwa saa ngapi?"

"Setilaiti haipiti hapa saa tano asubuhi. Uliza mtu yeyote wa kazi hii."

"Basi niletee barua ya huyo mtu, iko na stamp. Mimi si mtu mbaya. Lakini hata ukileta, sijui kama itasaidia. Baba yako mwenyewe alikubali."

"Alikubali nini?"

"Muulize mzee wako."

Sikumuuliza. Nilidhani ni kiburi cha meneja tu, na nilikuwa na haraka ya ile barua yenye muhuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu, nikakiri kwamba nilitoa picha bila kibali, nikamwomba sentensi moja tu: kwamba 11:40 ya kituo ni saa nane na dakika arobaini ya Kenya. Sikumwomba amtetee baba. Nilimwomba hesabu ya darasa la tatu.

"Unaona shida umeleta?" akasema. "Sisi ni watu wa research. Kesi za mashamba si mandate yetu. Wenye ranchi wakisikia tunawapiga picha, tutakaa hapa kweli?"

"Ni kujumlisha tatu, bwana mkubwa."

"Ni kituo kuingia siasa. Shukuru sijakufukuza."

Na kweli sikufukuzwa. Nilirudi kwenye kiti changu, nikavaa sweta, nikapokea picha ya mchana ule. Hilo linaniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa. Ningeweza kuupiga teke mlango wake. Ningeweza kuiba karatasi ya kituo na muhuri, maana nilijua droo yake. Lakini nilikuwa na kodi ya chumba na woga wa kurudi kijiweni kwa wasio na kazi, nikaufanya woga huo uitwe busara. Mwenye nguvu mpishe, nikajiambia. Ni methali ninayoichukia sasa, kwa sababu tunaopisha ni sisi kila siku.

Siku saba zikaisha. Baba akahamia kwa mdogo wake Majengo, Thika, kwenye chumba cha nyuma cha duka.

Baada ya wiki mbili hivi nikakutana na mwakilishi wa wafanyakazi sokoni Ruiru. Ndiye aliyekaa na baba kwenye kikao kile. Nilimvamia palepale kati ya marundo ya viazi, nikamuuliza ulikuwa wapi mdomo wake wakati mzee anachinjwa. Aliniacha nimalize.

"Dadangu, nilikuwa hapo," akasema. "Meneja alisoma ile saa kwa sauti. Akasema, mzee, hapa moshi iko, saa tano na forty, na wewe ulikuwa kwa post. Uliiona? Mzee akasema hakuona. Meneja akasema, basi hii picha ni uongo? Mimi nikamnong'onezea mzee, nikamwambia, sema ndiyo, sema hujui hiyo picha imetoka wapi. Hata meneja alikuwa ashasema, kama hiyo picha tuitupe, tuitupe tu. Tungerudi kwa ile story ya mafiga, na hiyo haikuwa na witness. Mzee angebaki."

"Akasema nini?"

Alitazama viazi. "Alisimama. Akasema, picha imepigwa na mwanangu, na mwanangu hadanganyi. Kama amesema moshi ulikuwepo saa tano, ulikuwepo. Macho yangu ndiyo hayakuona."

Sikumbuki nilivyotoka sokoni. Nakumbuka nikitembea kwenye bega la barabara kuu kuelekea Thika, malori yakinipulizia vumbi, nikimtukana meneja kwa sauti, kisha mkubwa wangu, kisha mwenye ranchi ambaye hata sura yake sikuijua, kisha baba mwenyewe. Ndiyo, na yeye. Miaka ishirini na zaidi alitazama ile tambarare kila siku. Alijua mchana ule ulikuwa mweupe, bila moshi, alipotoka. Ni nani aliyemwomba ayaamini maandishi yangu kuliko macho yake?

Niliyemwomba ni mimi. Tangu nilipokuwa darasa la kwanza nilikuwa namsomea barua zake, nikimwambia, baba, imeandikwa hivi. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Nilifika Majengo jioni, nikamkuta anakataa kazi. Kiwanda kimoja cha mjini kilimtaka alinde lango la nyuma, na mdogo wake alikuwa akimsihi akubali. "Mlinzi asiyeona ni mwizi wa mshahara," baba alikuwa anasema, kwa utulivu, kama mtu anayetoa bei ya sukari. Nilimpeleka kwa daktari wa macho wiki ileile. Daktari alimpima, akasema macho ya mzee huyu ni mazuri kuliko ya kwake yeye. Baba alimshukuru kwa heshima. Tulipotoka nje akaniambia daktari ni kijana mzuri, lakini siku ile ya moto hakuwepo.

Nikabakiwa na njia moja. Sikukuu moja nilipangiwa zamu peke yangu, mkubwa akiwa ameenda kwao. Nikamwingiza baba kituoni, nikampa sweta yangu ya akiba. Nikamwonyesha saa ya ukutani, nikaweka saa yangu ya mkononi kando yake. Nikamwonyesha picha nzima yenye ukingo, na herufi tatu zilizoandikwa na mashine. Tukasubiri hadi setilaiti ikapita, nikamwambia aandike mwenyewe, maana tarakimu alizijua, saa yake na saa ya ukutani, akaandika zote mbili polepole. Zilipishana saa tatu. Alizitazama. Alikuwa mtu mwenye akili, na niliona ameelewa kila kitu.

"Umeona, baba? Moshi haukuwepo ulipotoka. Hukukosea. Macho yako hayakukosea."

Akakunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni.

"Saa nimeiona," akasema. "Lakini mama, siku ile ulipoandika, hukuwa unanionea huruma. Leo unanionea. Sasa nishike neno la siku gani?"

Nilimwapia. Nilipiga meza. Nilimfokea baba yangu mzazi ndani ya kile chumba hadi sauti ikanikauka, nikimwambia kwamba ni hesabu tu, kwamba huruma haimo. Alinisubiri nimalize, akavua sweta, akanirudishia ikiwa imekunjwa vizuri, akaniomba nimwonyeshe mlango uliko, nao ulikuwa mbele ya macho yake.